Mdogo wangu anaiamini simu kuliko Katibu wa Baraza, nami nahofia shamba la baba

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro na ni mtoto wa kwanza katika familia yetu. Ninakuandikia kuhusu baba yangu, mdogo wangu wa kiume, na shamba ambalo limetuondolea amani nyumbani.

Baba alinunua shamba la ekari tatu kijijini mwaka 1994, kwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wawili, ambao mmoja wao amekwisha kufariki. Mpaka wa upande wa mtoni uliwekwa kwa minyaa. Tangu 2017 jirani amekuwa akilima na kuuvuka mpaka huo, huku minyaa ikipungua mwaka hadi mwaka, na sasa anasema wazi kwamba kipande cha karibu ekari moja ni chake. Tulianzia Baraza la Ardhi la Kijiji, tukashindwa kuelewana. Tukaenda Baraza la Kata, ambako jirani alifika mara ya kwanza kisha akaacha kuitikia wito.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoichukua kazi hiyo. Amemaliza chuo, hajapata ajira ya kudumu, ni kijana mwenye akili na anampenda baba kwa dhati. Katika simu yake ana msaidizi wa akili mnemba ambaye humuuliza kila jambo, kuanzia dawa ya kuku hadi barua za maombi ya kazi. Alimweleza habari yote ya shamba, akapiga picha hati ya mauziano pamoja na kitambulisho cha Taifa cha baba, akazipandisha zote humo, na mara akapata jibu refu, kwa Kiswahili safi, lenye namba za vifungu. Jibu lilisema kwamba kwa kuwa thamani ya kipande kinachogombewa haizidi shilingi milioni tatu, Baraza la Kata lina mamlaka ya kutoa hukumu na kumwamuru jirani aondoke. Akaandika barua ya kulitaka Baraza lifanye hivyo, akaichapisha steshenari, na baba akaitia saini.

Katibu wa Baraza aliisoma mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi, bali kazi yake sasa ni kusuluhisha. Mdogo wangu akamwonyesha simu. Katibu akarudia maneno yale yale. Tangu hapo nyumbani kwetu inasemwa kwamba Katibu amelishwa na jirani.

Jambo la pili linanitisha zaidi. Mdogo wangu ameandaa maombi ambayo anataka yafunguliwe moja kwa moja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ndani yake ametaja hukumu ya Mahakama ya Rufani inayofanana na mgogoro wetu kwa kila kitu: hati ya mkono, mpaka wa miti, jirani aliyesogea kidogo kidogo. Katika kata yetu yupo mama mmoja msaidizi wa kisheria, aliyepata mafunzo na anayesaidia watu bila malipo. Alipewa nakala, akaitafuta hukumu hiyo, hakuiona. Mdogo wangu akairudia simu na kuiuliza kama hukumu ile ni ya kweli, nayo ikamjibu kwamba ni ya kweli, ikamwongezea na muhtasari wa hoja za majaji. Baba aliposomewa muhtasari huo alisema kwamba yule mama hajui kutafuta.

Sasa wanataka nitoe fedha za ada na nauli. Nilipouliza maswali katika kikao cha familia, baba alinijibu kwamba amemsomesha mwanawe ili aje amsaidie, na kwamba mimi namkatisha tamaa. Maneno hayo yameniumiza. Mimi mwenyewe hutumia chombo cha namna hiyo kutunga mazoezi ya darasani na kunisaidia katika maandalio ya masomo, na kimenifaa sana, kwa hiyo siwezi kusema ni uongo mtupu. Je, nina wivu na mdogo wangu bila kujijua? Je, nikatae kutoa fedha? Na nitamwambiaje baba kwamba yule anayeweza kuwa amekosea ni simu, wakati simu inazungumza vizuri kuliko sisi sote?

Wako,
Dada Mkubwa, Morogoro

*

Dada yangu,

Maombi hayo yasifunguliwe kama yalivyo. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja, lakini karatasi iliyokwisha kupokelewa na Baraza ikiwa na hukumu isiyokuwapo haifutiki kwa maelezo ya baadaye, na jina litakaloonekana juu yake ni la baba yako.

Katibu wa Baraza la Kata amewaambia ukweli. Mabaraza ya kata kweli yalikuwa na mamlaka ya kusikiliza na kuamua migogoro ya ardhi ambayo thamani ya mali inayogombewa haikuzidi shilingi milioni 3, na hali ilikuwa hivyo kwa miaka mingi chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002. Mwaka 2021 Bunge liliibadilisha sheria hiyo. Baraza la Kata likaondolewa uwezo wa kutoa hukumu na kuachiwa kazi ya kusuluhisha peke yake, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likazuiwa kusikiliza shauri la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Ikiwa siku 30 zimepita tangu mgogoro ulipofikishwa kwenye Baraza la Kata bila usuluhishi kukamilika, mdai anaruhusiwa kwenda mbele bila uthibitisho huo. Kwa kuwa jirani yenu ameacha kuitikia wito, hicho ndicho mnachokihitaji kutoka kwa yule Katibu mnayemshuku: uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, au kumbukumbu inayoonyesha tarehe mliyofikisha malalamiko yenu. Mtu mnayemwita adui ndiye aliyeshika karatasi ya kuwafungulia mlango.

Tazama sasa jinsi kosa hilo lilivyozaliwa, maana ukilielewa utaweza kumweleza mdogo wako bila kumtukana. Chombo alichokiuliza kimefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani linafaa kufuata baada ya maneno yaliyotangulia. Kuhusu mabaraza ya kata, maandishi ya kabla ya 2021 ni ya karibu miaka 20: vijitabu vya elimu ya sheria, hukumu, tasnifu za vyuo, taarifa za mashirika, na karibu yote yanataja zile milioni 3. Maandishi ya baada ya mabadiliko ni machache. Kwa hiyo chombo hakikumdanganya mdogo wako kwa kukusudia. Kilimpa kile kilichoandikwa mara nyingi zaidi, na sheria haifuati wingi wa maandishi. Kifungu kimoja kilichopitishwa mwaka mmoja kinafuta vitabu vyote vilivyotangulia, lakini vitabu hivyo vinabaki kwenye intaneti vikiendelea kusema yale yale.

Hata namba za vifungu alizopewa zinahitaji tahadhari. Sheria za nchi yetu zimetolewa upya katika Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika 2025, na katika baadhi ya sheria mpangilio wa vifungu umebadilika. Mtu anaweza kupewa kifungu kilichokuwa sahihi kabisa katika toleo la zamani, akakifungua katika toleo jipya na kukuta kinazungumzia jambo jingine.

Hiyo hukumu ya Mahakama ya Rufani ni jambo la aina nyingine. Pale kwenye mamlaka ya Baraza, chombo kilisema jambo lililokuwa kweli zamani. Hapa, kwa jinsi unavyoeleza, kuna kila dalili kwamba kimetunga jambo ambalo halijawahi kuwapo. Kufanana kwa kila kitu ndiko kulikompendeza mdogo wako, na ndiko kunakonitia shaka mimi. Alikieleza chombo habari za hati ya mkono, miti ya mpaka na jirani anayesogea, kisha akaomba hukumu inayohusu mambo hayo, nacho kikamrudishia mambo hayo hayo yakiwa yamevishwa majina ya watu, namba ya rufaa na mwaka. Mtu asiyetaka kuonekana mgeni mjini, ukimuuliza njia, atakunyooshea mkono upande wowote kuliko kusema hajui, na vyombo hivi vina tabia hiyo mpaka leo, ingawa watengenezaji wake wanajitahidi kuipunguza.

Mdogo wako asidhani kwamba ni yeye peke yake aliyenaswa. Huko New York, mawakili wa abiria aliyeishitaki kampuni ya ndege ya Avianca kwa madai ya kuumizwa goti na kitoroli cha chakula ndani ya ndege waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja hukumu kadhaa ambazo mawakili wa upande wa pili hawakuziona popote. Kwa upande wa abiria, aliyezitafuta alikuwa wakili mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 30, naye alikuwa ameziomba kutoka ChatGPT. Alipokiuliza chombo kama mojawapo ya hukumu hizo ni ya kweli, kilimhakikishia kwamba ni ya kweli na kwamba inapatikana katika hazina kubwa za sheria za Marekani. Haikuwapo. Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili hao na ofisi yao faini ya dola 5,000, akawaamuru kuwaandikia majaji ambao majina yao yalikuwa yametajwa kuwa waandishi wa hukumu hizo za kubuni. Miaka miwili baadaye, Juni 2025, Mahakama Kuu ya Uingereza nayo ilitoa onyo kali kwa mawakili baada ya hukumu zisizokuwapo kujitokeza katika nyaraka zilizofikishwa mbele ya mahakama. Msomee mdogo wako habari ya New York, hasa pale wakili alipokiuliza chombo kile kile kithibitishe maneno yake chenyewe. Ndilo jambo alilolifanya yeye, na matokeo yake ni yale yale.

Njia ya kuthibitisha ipo, ni ya bure, na inafanyika kwenye simu ile ile. Mahakama ya Tanzania inaweka hukumu zake kwenye tovuti ya TanzLII, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa zaidi ya bando lake. Hukumu za miaka ya karibuni zina namba maalumu: mwaka ndani ya mabano ya mraba, kisha herufi TZCA ikiwa ni ya Mahakama ya Rufani au TZHC ikiwa ni ya Mahakama Kuu, kisha namba ya hukumu. Mwombe mdogo wako aiandike namba aliyopewa hapo, mbele ya macho yake mwenyewe. Mambo matatu yanaweza kutokea. Ikifunguka hukumu yenye wahusika wale wale na mgogoro ule ule, basi mimi na wewe tumemshuku bure, na aisome yote, kwa sababu hukumu inaweza kuwapo na bado ikawa imeamua kinyume cha alivyoambiwa. Ikiwa haifunguki kitu, atafute kwa majina ya wahusika na kwa mwaka, kisha aulize masjala ya Mahakama, kwa kuwa si kila hukumu ya zamani imepandishwa. Jambo la tatu hutokea zaidi ya watu wanavyodhani: namba inafunguka, lakini hukumu iliyo chini yake ni ya mtu mwingine kabisa, pengine ni ya jinai au ya mkopo wa benki. Hapo hahitaji maelezo ya mtu.

Siku hizi vyombo vingi hutafuta kwanza kwenye intaneti kabla ya kujibu, na huweka viungo chini ya jibu. Hayo ni maendeleo ya kweli, na mdogo wako akitumia vya namna hiyo atapata makosa machache zaidi. Hata hivyo kiungo kina thamani kwa yule anayekifungua tu. Mara nyingi ukurasa uliowekwa upo, ila sentensi iliyodaiwa kutoka humo haimo, au imo lakini inahusu nchi nyingine.

Hilo la nchi nyingine lina uzito mkubwa kwetu sisi tunaouliza kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, lakini sehemu kubwa ya hukumu na vitabu vya sheria vilivyokwisha kuandikwa ni ya Kiingereza, na maandishi ya sheria yanayopatikana kwa Kiswahili kwenye intaneti ni kidogo. Chombo kinapojibu kwa Kiswahili huchota kutoka kote, na Kenya iko karibu. Ukiona jibu linalowatuma kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au linalozungumzia umiliki wa ardhi wa moja kwa moja usio na ukomo, ujue limevuka mpaka wa Namanga. Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na sisi tunapewa haki ya kuitumia na kuimiliki kwa masharti. Hata neno Tanzania peke yake halitoshi katika swali, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano na Zanzibar ina sheria zake.

Umegusia swali la kama chombo hiki kina kazi au ni uongo mtupu, na wewe mwenyewe umekaribia kulijibu. Kwako kinafanya vizuri kwa sababu somo unalolifundisha unalijua. Kikikutungia zoezi la sehemu lenye jibu lisilo sahihi, utalikamata kabla halijafika ubaoni. Mdogo wako anakiuliza kuhusu jambo asilolijua, kwa hiyo hana kitu cha kukipimia. Namna ya kukitumia inabidi ibadilike hapo: akipe maandishi, asikiombe maandishi. Aipakue kutoka TanzLII hukumu ya kweli kuhusu mpaka wa shamba, iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu cha majaji, aiweke humo, kisha aombe aelezwe kwa Kiswahili chepesi nini kilibishaniwa, ushahidi gani ulikubaliwa, na ukurasa gani unasema hivyo. Atakuwa anafanya kazi juu ya karatasi iliyopo, na neno lolote litakaloongezwa ataweza kulitafuta kwenye ukurasa. Vivyo hivyo kwa sheria. Swali lake liwe la namna hii: "Kwa Tanzania Bara, baada ya marekebisho ya 2021, Baraza la Kata lina kazi gani katika mgogoro wa ardhi? Nitajie jina la sheria na kifungu, nami nitakifungua mwenyewe." Kisha akifungue kweli.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa alifanye, na kwa maoni yangu lina faida kuliko yote niliyoyasema hadi hapa. Vyombo hivi vina mwelekeo wa kumkubalia anayeviuliza. Mdogo wako alikieleza chombo upande wa baba peke yake, kwa uchungu wa mtoto, nacho kikampa hoja za kumpendeza. Akiulize swali la kinyume: "Kama wewe ungekuwa unamtetea jirani, ungeshambulia wapi katika hati yetu?" Huenda hapo lingejitokeza jambo ambalo naliona katika barua yako na ambalo hakuna aliyewatajia. Unasema hati ya mauziano ya 1994 iliandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wawili. Huzungumzii popote idhini ya halmashauri ya kijiji. Mahakama ya Rufani iliwahi kuamua, katika shauri lililochapishwa katika ripoti za hukumu za mwaka 1985, kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini ya halmashauri ya kijiji hayakuwa na nguvu, na hukumu hiyo imetajwa tena na tena tangu wakati huo. Sisemi kwamba baba yako amekosa haki, wala mimi si wakili wa kulipima hilo. Ninachosema ni kwamba wakili wa jirani, kama atampata, ataanzia hapo, na kwamba jibu la hoja hiyo halimo ndani ya simu ya mtu yeyote. Limo kwenye kabati la ofisi ya kijiji, katika daftari la mihutasari ya vikao vya 1994, ikiwa daftari hilo halijaliwa na mchwa, na limo kichwani mwa yule shahidi mmoja aliyebaki. Mdogo wako na aende ofisini kwa mtendaji wa kijiji kuomba mihutasari hiyo. Aende pia kwa yule mzee, amsikilize aeleze siku ya mauzo ilivyokuwa, nani walikuwapo, minyaa ilipandwa na nani na kuanzia wapi, aandike maneno yake na kumsomea. Habari za namna hii hazijawahi kuandikwa popote ambapo chombo kingeweza kuzisoma, na ndizo zitakazoamua kesi.

Muda upo, ingawa si wa kuchezea. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na ukihesabu kuanzia 2017 bado mko ndani yake. Lakini maombi yaliyofunguliwa vibaya hutupwa, mkaanza upya, na jirani anaendelea kulima.

Kuhusu zile picha, nazungumza kwa mkazo. Hati ya baba na kitambulisho chake cha Taifa vimekwenda kwenye mitambo ya kampuni msiyoijua, na hakuna aliyemuuliza mzee. Mdogo wako aingie kwenye mipangilio ya programu, ayafute mazungumzo hayo, na azime ruhusa ya kutumia mazungumzo yake kufundishia chombo ikiwa ipo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume inayoisimamia, lakini kinga iliyo karibu zaidi ni kutopandisha: kuuliza kuhusu hati iliyoandikwa kwa mkono hakuhitaji jina, sahihi wala namba ya NIDA ya mtu.

Sasa nije kwa baba. Sioni wivu katika barua yako. Mtu mwenye wivu asingeandika kwamba mdogo wake ana akili na anampenda baba kwa dhati. Ninachokiona ni kwamba jambo hili limewekwa nyumbani kwenu kama ushindani kati ya mtoto aliyesoma sana na mtoto anayeuliza maswali, na ukilijibu ndani ya kikao cha familia utashindwa hata ukiwa na haki, kwa sababu mzee hatakubali mwanawe wa kiume avuliwe nguo mbele ya watu. Kwa hiyo usianze na kikao. Mwite mdogo wako peke yake, umwambie kwamba umekubali kusaidia, na kwamba unataka karatasi itakayokwenda wilayani isiwe na hata mstari mmoja ambao jirani anaweza kuutoboa. Mpe kazi ya kuthibitisha aifanye yeye. Mfungulie TanzLII, kaa pembeni, na unyamaze wakati anatafuta. Akigundua mwenyewe kwamba hukumu haipo, mwache yeye ndiye aende kumwambia baba, kwa maneno yake, kwamba ameichunguza kesi zaidi na kuna sehemu ameibadilisha. Mzee atalipokea hilo kutoka kwake kwa namna ambayo hangelipokea kutoka kwako, na wewe hutakuwa umepoteza kitu.

Neno la rushwa lakini halitoki kwa kunyamaza. Katibu na yule mama msaidizi wa kisheria wamesemwa vibaya kwa sababu walikataa kukubaliana na simu, na katika kata ndogo maneno ya namna hiyo hufika. Nakuomba umshawishi mdogo wako aende kwa wote wawili. Kwa Katibu aende na ombi la uthibitisho wa kushindikana kwa usuluhishi, na aanze kwa kusema kwamba amesoma mabadiliko ya 2021 na ameona kuwa Katibu alisema kweli. Kwa yule mama aende na maombi yake mapya amwombe ayapitie. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mtu wa namna hiyo aliye ndani ya kata yenu, asiyewadai hata senti, anayewafahamu wajumbe wa Baraza na desturi zao, ni bahati ambayo familia nyingi hazina. Akiona shauri limemzidi, atajua pa kuwaelekeza ili mpate wakili wa msaada wa kisheria.

Fedha usikatae kutoa, wala usizitoe zote leo. Nauli ya kwenda kwa yule shahidi mzee na gharama ya nakala za mihutasari ya kijiji zitoe hata wiki hii, kwa sababu daftari linachakaa na mzee anazeeka. Ada ya kufungua maombi ibaki kwako mpaka mambo mawili yawe mezani: uthibitisho wa Baraza la Kata, au kumbukumbu inayoonyesha kwamba siku 30 zimepita, pamoja na maombi yaliyopitiwa na msaidizi wa kisheria ambayo kila hukumu iliyotajwa ndani yake imechapishwa na kuambatanishwa, ikiwa na mistari ambayo mdogo wako ameipigia alama kwa kalamu yake mwenyewe. Siku hiyo mpe ada yote, na uombe ruhusa kazini umsindikize baba mpaka wilayani.